Kurejesha chupa tupu Unguja: duka la mtaa, ghala la jumla na wanunuzi wa plastiki

Huduma ya kurejesha chupa tupu na kurudishiwa pesa haina kibao wala tangazo hapa Unguja, lakini nyumba nyingi za mjini zinaitumia. Ukinunua soda ya chupa ya kioo katika duka la mtaa na ukataka kuondoka nayo, ama unakuja na chupa tupu mkononi, ama unaacha pesa ya chupa, ama unainywa papo hapo barazani. Nimekuwa nikiitumia huduma hii katika maduka ya Michenzani na Mwanakwerekwe, na ninaiona kuwa miongoni mwa huduma bora tulizonazo za kuuweka mji safi, ingawa ina kasoro moja kubwa inayostahili kusemwa wazi: pesa yako inarudi pale tu ulipoiacha.

Katika duka la mtaa kazi hii hufanywa kwa umakini mkubwa. Muuzaji huipokea chupa, hupitisha kidole gumba kwenye mdomo wake kutafuta palipomeguka, kisha huinusa, kwa kuwa wako wanaotilia mafuta ya taa katika chupa za soda na harufu yake haitoki kwa kuoshwa mara moja. Ikipita, anaipachika katika kreti na kukurejeshea pesa yako bila ya kudai risiti, maana risiti yenyewe haikuandikwa. Anachokitegemea ni kumbukumbu yake na uso wako. Katika maduka niliyoyazoea sijawahi kupunjwa hata shilingi, na kwa hilo wenye maduka wanastahili shukurani za dhati. Mgeni wa mtaa, hata hivyo, hana uhakika huo. Akirudi jioni akamkuta kijana mwengine zamuni, hana cha kumwonyesha, naye kijana hana sababu ya kumwamini. Kipande cha karatasi chenye tarehe na idadi ya chupa kingelimaliza jambo hilo, na ninashangaa kwamba ni wachache wanaokitoa.

Kwenye maghala ya jumla mambo ni ya uhakika zaidi, kwani hapo hesabu huenda kwa kreti za chupa 24 na huandikwa daftarini. Uzito uko kwenye kuchanganya: kreti na chupa za kampuni moja hazipokelewi badala ya za kampuni nyengine, na chupa iliyoingia katika kreti isiyo yake huhesabiwa kuwa imepotea, hata kama ni nzima na safi. Pemba jambo hili lina uzito mkubwa zaidi, kwa kuwa kreti tupu husafiri kwa bahari kabla ya kujazwa tena, na mwenye duka wa Wete au Chake Chake aliyekosa chupa tupu amekosa pia mzigo wake unaofuata.

Ujerumani iliwahi kukumbwa na tatizo linalofanana na hili. Ilipoanzisha malipo ya dhamana, yaani pesa ya chupa inayorudishwa, kwa makopo na chupa za kutumika mara moja mwaka 2003, kuanzia senti 25 za yuro kwa kila moja, baadhi ya makampuni ya maduka yalitengeneza chupa za umbo lao wenyewe na kupokea hizo tu. Mnunuzi akalazimika kubeba mfuko wa chupa tupu kutoka duka hadi duka. Mwezi wa Mei 2006 sheria iliufuta utaratibu huo: anayeuza vinywaji katika chupa za plastiki akawajibika kupokea chupa za plastiki za kampuni yoyote, isipokuwa duka lisilofikia mita za mraba 200, ambalo liliruhusiwa kupokea aina linazoziuza tu. Msamaha huo unanivutia sana, kwa sababu maduka yetu ya mtaa yote ni madogo, na utaratibu wowote utakaoyabebesha mzigo yasiyoumudu utayafanya yakatae chupa kabisa.

Kwa upande wa plastiki siwezi kutoa sifa. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, miaka 13 kabla ya Tanzania Bara, lakini chupa ndogo za maji zimebaki bila ya dhamana yoyote. Wanaozinunua ni wanunuzi wa vitu chakavu, na wao hununua kwa kilo. Chupa ya nusu lita, ikiwa tupu, haina uzito wa gramu 20, kwa hiyo kilo moja inahitaji chupa zaidi ya 50, na ndiyo maana anayekunywa maji Forodhani hana sababu ya kuhangaika na chupa moja. Wanaohangaika ni vijana wanaookota toka alfajiri, na wanalipwa kidogo mno kwa kazi inayotufaa sote.

Jimbo la Victoria nchini Australia lilianza kurudisha senti 10 kwa kila chupa au kopo tarehe 1 Novemba 2023, na lililonivutia huko ni jinsi wahusika walivyogawanywa. VicReturn inaratibu mpango na fedha zake, na waendeshaji wa vituo ni watatu, kila mmoja na kanda yake: Visy kaskazini, Return-It mashariki na TOMRA Cleanaway magharibi. Mwananchi akikuta mashine ya kupokea chupa imejaa, anajua wa kumlalamikia. Hapa kwetu, mnunuzi wa plastiki akihama uwanja wake, hakuna anayewajibika kuwaambia watu amehamia wapi. Ningependa kila shehia iwe na mahali pamoja panapojulikana, na gharama zake zitoke kwa wanaojaza vinywaji, kwani wao ndio wanaofaidika na chupa hizo.

Kwa anayetaka kuchukua kreti za harusi au khitma hivi sasa, ghala la jumla ndilo ninalolipendekeza kuliko duka. Akubaliane nalo mapema siku ya mwisho ya kurejesha, ahakikishe idadi ya chupa na jina la kampuni vimeandikwa, na akague midomo ya chupa wakati wa kuzipokea, kwa sababu iliyomeguka ikirudi atalipishwa yeye.