Uzoefu wangu: Webmin au kuandika kwa mkono? Seva ya depo ya dawa Bukavu

Seva ninayoitunza ni ya depo moja ya dawa hapa Ibanda, lakini yenyewe iko Ufaransa, tumeikodi, inatumia mfumo wa Ubuntu 22.04. Mwaka wa kwanza niliiendesha kwa Webmin, programu ya kusimamia seva kwa kubofya kwenye kivinjari. Kazi inakuwa nyepesi kweli: unabofya, mtumiaji mpya amepatikana, unabofya tena, huduma imewaka.

Kilichonishtua ni mlango wake wenyewe. Webmin husikiliza poti 10000 (poti ni namba ya mlango wa kuingilia seva), nami niliiacha wazi kwa dunia nzima. Siku nilipofungua logi, kumbukumbu za seva, nikakuta watu nisiowajua wanabahatisha usiku kucha neno la siri la root, mtumiaji mwenye mamlaka yote. Ndipo nikasoma pia kwamba mwaka 2019 matoleo yake ya 1.890 hadi 1.920 yaligunduliwa yamepachikwa mlango wa siri, ukaondolewa katika 1.930.

Basi nikahamia mkono, yaani kuandika amri mwenyewe kupitia SSH, njia ya kuingia kwenye seva kutoka mbali. Nikaweka ufunguo wa SSH (faili linalotumika badala ya neno la siri), nikaruhusu poti 22 ya SSH, halafu ndipo nikawasha ufw, ukuta unaozuia milango usiyoiruhusu. Ukianza kuwasha kabla ya kuruhusu, umejifungia nje, na huko Ufaransa hakuna wa kumtuma. Kisha nikaandika PasswordAuthentication no, yaani neno la siri lisikubaliwe, ndani ya sshd_config, faili la mipangilio ya SSH, nikawasha SSH upya, nikatulia.

Jioni nikajaribu kuingia kwa simu ya mdogo wangu, isiyo na ufunguo. Neno la siri likapita! Jumapili nzima nikahangaika. Kumbe kwenye folda ya sshd_config.d kulikuwa na faili 50-cloud-init.conf linalosema yes, na SSH hushika agizo la kwanza inalokutana nalo. Langu lilikuja nyuma. Siku hizi kila nikibadilisha kitu naendesha sshd -T, inayoonyesha mpangilio unaotumika kweli, kisha najaribu kuingia kama mgeni.

Faida nyingine, kwetu sisi wa kununua mega: kwa SSH unatuma na kupokea maandishi tu, bila picha, haili kitu. Umeme ukikatika naendelea kwa simu.

Webmin naipa nyota tatu. Sijaifuta, nimeifunga isikilize 127.0.0.1 tu, yaani ndani ya seva yenyewe, naifikia kwa handaki la SSH, njia inayopita ndani ya SSH. Papa mwenye depo anapenda kuona michoro ya diski, basi Jumatatu namfungulia, akishatazama naizima.