Rangi nzuri, karatasi ya maelezo ya hovyo, majibu ndiyo usiseme

Juzijuzi nilinunua pakiti ya rangi ya buluu ya kutia kitambaa nyumbani. Mimi ambaye huwa sisomi maelezo, safari hii niliyafuata neno kwa neno: maji ya moto, chumvi, kisha siki "ili rangi ishike". Shuka la pamba likatoka buluu iliyokolea, nikalipiga na picha kabla halijakauka.

Kulisuuza sasa! Maji ya kwanza buluu, ya pili buluu, ya saba buluu. Baada ya hapo niliacha kuhesabu. Shuka likabaki na rangi ya maji yaliyooshewa vyombo. Kilichoshika rangi barabara ni beseni na kucha zangu.

Nikamwandikia muuzaji kwa adabu, nikaambatanisha picha tatu. Jibu: "Dada, wenzako hawalalamiki." Basi. Hata pole hakuna, hata kuniuliza nilitia nini hakuna. Usiku huo usingizi uliniruka.

Hasira ikanifanya nichimbe mwenyewe. Kumbe rangi ya aina hii, inayoungana na uzi wa pamba wenyewe, haitaki siki hata tone. Inataka magadi ya kufulia. Siki ni ya rangi za sufu na hariri. Yaani wameniwekea maelezo ya rangi nyingine kabisa! Hawa watu wamewahi kuchovya hata leso?

Unga uliobaki nikaujaribu kwenye fulana ya pamba: chumvi, magadi, nikaifunga ndani ya mfuko wa plastiki ikalala humo usiku kucha. Asubuhi nikasuuza kwa maji baridi, halafu ya moto, na mara ya nne maji yakatoka safi. Nimeshaifua pamoja na nguo nyeupe, haichuji. Mishono tu ndiyo imebaki myeupe, maana uzi wake ni polyesta na rangi hii haiingii humo. Nami nimeipenda hivyohivyo, kama imechorwa kwa chaki.

Kwa hiyo nyota moja. Hapana, nisiwe mwongo, rangi yenyewe ni ya nyota nne na huenda nikainunua tena. Ila kila nikivaa ile fulana nalisikia lile jibu. Mbili, tena za huruma. Na nyie wenzangu msiolalamika, kama kweli mpo, hebu semeni: shuka zenu hazikuchuja?