Nakala 100 za Riwaya ya Upelelezi: Tumekagua Huduma ya Uchapaji Ngamiani

Mwandishi wa riwaya za upelelezi akishaweka kava kwenye status (kisu, kivuli ukutani, na chini neno KIMETOKA), mzigo wa kulitetea neno hilo unamwangukia fundi wa uchapaji. Hapa Tanga fundi huyo mara nyingi yuko Ngamiani, kwenye duka lenye printa mbili, mashine moja ya gundi na gilotini (mashine ya kukatia marundo ya karatasi) nyuma ya pazia. Tumekagua huduma ya duka moja la aina hiyo linalowauzia waandishi kifurushi kizima: kuchapa, kava, kubandika, bango la tangazo na kusafirisha. Jina hatulitaji, maana mengi tutakayoyalalamikia utayakuta na kwa jirani zake. Kipimo chetu ni riwaya ya kawaida ya upelelezi: kurasa 240, A5, nakala 100.

Mwenye haraka achukue hili aende nalo: herufi safi, kava la kuvutia, gundi nzuri ukiisimamia, tarehe ya kukabidhi usiiamini.

Tuanze na karatasi, kwa sababu ndipo pesa inapolala. Kurasa 240 ni karatasi 120 za A5, sawa na A4 60 kwa kitabu kimoja. Nakala 100 zinakula A4 6,000, yaani rimu 12. Fundi akikuandikia rimu 13 hajakuibia, kwani za kujaribia na zinazokwama kwenye printa hutoka humo humo. Akiandika 18, muulize kwa adabu zinakwenda wapi. Duka hili linatumia karatasi ya gramu 80 kwa mita ya mraba, nyeupe, nzito ya kutosha maandishi ya upande wa pili yasionekane sana. Ya gramu 70 hupunguza gharama kidogo, lakini kitabu kinakuwa chembamba na wino unajitokeza nyuma.

Jambo ambalo karibu kila mwandishi hulipuuza ni uelekeo wa nyuzi. Karatasi ina nyuzi zinazolala upande mmoja, na kitabu hufunguka vizuri nyuzi hizo zikilala sambamba na mgongo. A4 nyingi za dukani nyuzi zake hufuata urefu wa karatasi. Ukiikata A4 katikati kupata A5, nyuzi zinakuwa zimelala kwa mapana, zinaukata mgongo badala ya kuufuata. Matokeo yake kitabu ni kigumu, ukikiweka mezani kinajifunga chenyewe. Kibaya zaidi, kwenye unyevu wa pwani karatasi hutanuka kukatiza nyuzi, na kwa kuwa gundi imeishika mgongoni haina pa kwenda ila kufanya mawimbi. Nakala iliyochapwa Tanga wakati wa masika ukiitazama kwa juu, karibu na mgongo, utayaona mawimbi hayo kama mchanga wa ufukweni maji yakishatoka.

Dawa ipo na haina gharama kubwa: chapa kwenye A3, kisha karatasi moja ikatwe vipande vinne. Hapo, kama A3 hiyo nyuzi zake zinafuata urefu, A5 zote nne zinatoka na nyuzi zilizosimama. Kitabu kimoja kinahitaji A3 30. Duka hili wanayo printa ya A3, ila hawaitumii kwa kurasa za ndani mpaka uombe. Jibu la fundi ni lile lile siku zote: "Karatasi si karatasi tu, bosi?" Mwombe akunje karatasi moja kwa urefu na nyingine kwa mapana. Mkunjo ulio laini, usiovunjika vunjika, ndio unaofuata nyuzi. Kwa sifa yake, akishaona kwa macho habishi.

Sasa saizi. A5 inayotokana na A4 haibaki A5. Karatasi ikikatwa katikati ni milimita 148.5 kwa 210. Mgongo ukikwaruzwa ili gundi ishike unapoteza kama milimita 2, na gilotini inakula milimita 3 mbele, 3 juu na 3 chini. Kitabu kinachofika mkononi ni takriban 143 kwa 204. Mwandishi aliyepanga maandishi yake hadi sentimita moja kutoka ukingoni atakuta namba za kurasa zimekaa kwenye ncha ya kisu. Acha milimita 20 upande wa mgongo na 15 pande nyingine. Duka lilipaswa kukwambia hili kabla ya kupokea faili. Halikwambii.

Hesabu hiyo hiyo ndiyo inayoamua kava. Karatasi 120 za gramu 80 zina unene wa karibu milimita 12. Kava lote, likiwa limelazwa, ni 143 na 12 na 143: jumla 298. A4 ina 297. Limezidi kwa milimita moja, kabla hata hujaweka nafasi ya kukatia! Ndiyo maana duka lenye printa ya A4 pekee hulipunguza kava likaingia, na jina la kitabu lililopaswa kukaa mgongoni likahamia mbele. Hapa kava linachapwa kwenye kadi ya A3 ya gramu 300, na mgongo unakaa panapotakiwa. Nakala tulizozipima zimepishana chini ya milimita moja. Hiyo ni kazi nzuri.

Kinachowaangusha ni lamineshini, ule utando wa plastiki juu ya kava. Kava la upelelezi kwa desturi ni jeusi, na jeusi la matte (lisilong'aa) linapendeza mno kwenye picha. Mkononi, kila kidole kinaacha alama. Halafu kava lililolaminishwa upande mmoja hujikunja kwenda nje, kwa kuwa upande wa ndani usio na plastiki unanyonya unyevu na kutanuka, wa nje hautanuki. Vitabu vilivyoachwa mezani bila kugandamizwa vinafunua midomo kama samaki aliyetoka majini. Vilazwe vimebanana chini ya uzito usiku kucha, kwenye chumba kikavu. Vilevile dai kadi ipigwe alama ya mkunjo kwa mashine kabla ya kukunjwa. Ikikunjwa kwa mkono jeusi linapasuka mgongoni, na mstari mweupe unatokea kitabu kabla hakijasomwa.

Na mwambakodi (barcode), ile mistari ya kusomwa na mashine nyuma ya kava. Kijana wa grafiki wa duka hili ni hodari, ila anapenda damu. Kwenye sampuli moja aliipaka mistari rangi nyekundu juu ya nyeupe ili ilingane na kisu. Mashine nyingi za kusomea hutumia mwanga mwekundu, na kwa mwanga huo nyekundu na nyeupe ni kitu kimoja: haisomi chochote. Mistari iwe myeusi juu ya nyeupe, na upana wa alama nzima usishuke chini ya milimita 30. Namba yenyewe ya ISBN, inayokitambulisha kitabu, huombwa Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Ukiambiwa "tuna namba zetu, tutakuwekea," fahamu kuwa kwenye kumbukumbu mchapishaji atakuwa mwenye namba, si wewe. Kuikagua ni rahisi: tarakimu 13, zidisha ya kwanza kwa 1, ya pili kwa 3, ya tatu kwa 1, hivyo hivyo hadi mwisho, ujumlishe. Jumla isipogawanyika kwa 10 bila baki, kuna tarakimu imekosewa.

Gundi tumeitazama kwa muda mrefu kuliko yote, kwa sababu riwaya ya upelelezi haisamehe ukurasa uliong'oka. Kitabu cha mapishi kikipoteza ukurasa, umekosa pilau. Hiki kikipoteza ukurasa wa 213, muuaji ametoroka. Mashine yao ni ya gundi ya moto, na inafanya kazi vizuri mambo mawili yakizingatiwa: mgongo ukwaruzwe mpaka nyuzi zionekane, na vitabu visiwekwe mbele ya feni mara tu vikitoka. Gundi inayopozwa kwa upepo inakauka juu kabla haijaingia ndani. Siku ya joto feni inawashwa, hilo ndilo tatizo. Kipimo ni hiki: chukua nakala tatu bila kuchagua, moja ya mwanzo wa kazi, moja ya katikati, moja ya mwisho. Fungua kila moja katikati, ibonyeze ilale kabisa, kisha shika karatasi moja na uivute polepole kwa nguvu inayoongezeka. Ikichanika kabla ya kung'oka, gundi imeshika. Ikitoka nzima na ukingo msafi, rudisha kazi yote. Kipimo hiki kifanywe kesho yake, baada ya saa 24, kwa sababu gundi inayoonekana kavu baada ya dakika moja bado haijafikia nguvu yake. "Waja leo, waondoka leo" ni maneno mazuri ya Tanga, lakini si ya vitabu vya gundi.

Kurasa zilizoruka au kujirudia ni ugonjwa mwingine, na chanzo chake ni printa kukwama. Karatasi ikinasa, kijana anaanza tena pale anapodhani iliishia. Omba faili liwekewe alama ndogo nyeusi kwenye ukingo wa mgongo kila baada ya kurasa 16, kila alama ikishuka kidogo chini ya ile iliyotangulia. Kitabu kikipangwa, kabla ya gundi, alama zinatengeneza ngazi. Ngazi ikikatika, kuna fungu limeruka, na unaliona kwa jicho bila kupekua kitu. Duka halina desturi hii. Walipofundishwa, nakala 100 zilikaguliwa kwa muda mfupi kuliko wa kunywa kahawa.

Kuhusu mpangilio wa ndani, mawili tu. Kurasa za kulia ni witiri, za kushoto ni shufwa. Jina la muuaji likitajwa chini ya ukurasa wa kulia, jicho linaliona kabla ya zamu yake, kwa hiyo lisogeze lianzie juu ya ukurasa wa kushoto, msomaji alazimike kufunua. Na hadithi isiishie ukurasa wa 240, iishie 236, nne za mwisho zibebe maelezo ya mwandishi na namba ya kuagizia. Kuna wasomaji huanza kitabu kwa kuchungulia mwisho, na dukani wako wengi. Pia zima kabisa ukataji wa maneno mwisho wa mstari, maana programu nyingi hukata kwa kanuni za Kiingereza na kukupa "mpelel-ezi". Silabi ya Kiswahili haiishii hapo.

Huduma ya tangazo ni ya kawaida. Bango linatoka zuri, lakini maneno ya nyuma ya kava waliyojitolea kumwandikia mteja mmoja bila kuombwa yalitaja kazi ya muuaji. Andika mwenyewe. Tangazo liwe na idadi ya kurasa, bei, mahali pa kuchukulia, na jina litakalotokea mteja akilipia kwa simu, ili asidhani ametapeliwa. Orodha ya matangazo ya WhatsApp inapokea watu 256, na ujumbe unamfika yule tu aliyehifadhi namba yako. Picha ya kava unapompelekea fundi itume kama hati. Ikitumwa kama picha inabanwa, na kava la A5 linalohitaji nukta 1748 kwa 2480 kwa upande wa mbele peke yake linatoka na ukungu. Tarehe usiitangaze kabla ya kushika nakala ya majaribio iliyokaa usiku mzima. Duka liliahidi siku nne. Zilikuwa tisa, mbili kati ya hizo kwa sababu tona, wino wa unga wa printa, iliisha.

Faili kamili lisiachwe kwenye kompyuta ya duka. Mezani pale tumeona PDF za waandishi wengine, majina yanasomeka, na yeyote mwenye flashi angeweza kuondoka nazo. Haki ni ya mwandishi tangu anapoandika, na kwa sheria ya mwaka 1999 inadumu maisha yake na miaka 50 baada ya kifo, lakini kumsaka mtu aliyesambaza faili kwenye magrupu ni upelelezi usiolipa. Simama karibu mpaka lifutwe, na kwenye pipa la takataka la kompyuta pia.

Usafirishaji ndio uliotufurahisha. Kitabu kimoja kina takriban gramu 320, nakala 25 ni kilo 8, na wao wanafunga 25 kwa boksi, migongo ikipishana kushoto na kulia ili rundo lisiinamie upande mmoja, na nailoni ndani ya boksi. Boksi linapelekwa stendi ya Kange, linapanda basi la Dar, na namba ya gari pamoja na simu ya kondakta zinatumwa kwa mpokeaji saa hiyo hiyo. Sisitiza tu lisiwekwe karibu na injini wala kuachwa kwenye gari lililofungwa juani Mbezi: gundi ya moto hulainika ikipata moto tena, na kitabu kilichofungwa vizuri Tanga kinafika Dar kikiwa karatasi 120 na kava moja jeusi.