Sharti la zabuni limesomwa vibaya: Rufani PPAA au Mahakama Kuu?

Fundi mmoja wa Urambo alienguliwa kwenye zabuni ya kalavati. Sharti lilisema “uzoefu wa kazi inayofanana”. Yeye alijenga madaraja madogo matatu, watathmini wakasema daraja si kalavati. Vijiweni Tabora wakamwambia: nenda mahakamani!

Kwa haraka na gharama, Mamlaka ya Rufani za Zabuni za Umma (PPAA) inashinda. Unaanza kwa kulalamika kwa afisa masuuli (mkuu wa taasisi iliyotangaza zabuni), kisha unapanda PPAA. Siku ni chache mno, kwa hiyo ukikaa kusubiri “watatuita tu” umekwisha. Faida yake kubwa ni kwamba inaingia ndani ya zabuni yenyewe: inasoma sharti, inasoma nyaraka zako, na inaweza kuagiza tathmini irudiwe.

Mahakama Kuu haikupi alama. Mapitio yake yanauliza kama uamuzi ulifuata sheria, kama ulisikilizwa, kama tafsiri ile mtu mwenye akili timamu angeifikia. Tafsiri ikiwa mbaya kidogo tu, jaji huenda asiiguse. Kwanza unaomba kibali, ndipo shauri lenyewe, na wakili halipwi kwa asali. Tena ukiruka ngazi ya rufani, utarudishwa mlangoni.

Lakini PPAA yenyewe ikikosea sheria, hapo mahakama ndiyo njia.

Yule fundi? Ningemtuma kwanza kwa afisa masuuli, na picha za madaraja yake mkononi.