Oili ya mimea kwenye injini ya mtumbwi: uzoefu wangu Mwanza

Mtumbwi wangu wa dagaa uko Igombe, unasukumwa na Yamaha ya farasi 15, tustroki. Injini za aina hii zinakula oili. Unaichanganya na petroli, inalainisha pistoni na beringi, kisha sehemu inaungua na iliyobaki inatoka na moshi chini ya maji, palepale kwenye propela. Ndiyo maana asubuhi ufukweni utaona utando wa rangirangi unaelea, na ziwa hilihili ndilo linalovutwa maji pale Capri Point kuja kwenye mabomba yetu.

Mimi kwa sababu hiyo nimehamia oili ya mimea. Ukiinunua, soma lebo kwanza. Iwe na TC-W3, maana yake ni ya injini za boti, na iseme inaoza. Zilizofaulu kipimo cha kuoza kiitwacho OECD 301B huliwa na bakteria asilimia 60 au zaidi ndani ya siku 28. Uchanganyaji kwangu ni uleule, 50 kwa 1: petroli lita 25, oili nusu lita. Moshi umepungua, plagi ni kavu, ya kahawia. Harufu ni ya jikoni kuliko gereji. Vijana wangu wanalalamika inawatia njaa.

Kasoro yake ni kwamba haipendi kulala. Sisi wa dagaa mwezi ukiwa mkubwa tunapumzika, taa hazifui dafu. Mchanganyiko ukiachwa kwenye kabureta muda wote huo na joto hili, petroli inaruka, mafuta yanapigwa na hewa yanakuwa gundi. Giza likirudi utavuta kamba mpaka bega liume, kumbe jeti, kile kitundu cha petroli ndani ya kabureta, imeziba. Kwa hiyo siku ya mwisho ya kazi, injini ikiwa bado majini inanguruma, chomoa mpira wa petroli uiache izime yenyewe, kabureta ibaki tupu.

Bei inauma, karibu maradufu ya oili ya kawaida, na Kirumba si kila duka linayo. Ila usikimbilie alizeti ya kupikia. Jirani yangu alijaribu, ringi zikagandana na pistoni. Nyonyo nayo ililainisha injini za ndege enzi za Vita Kuu ya Kwanza, kweli, lakini haiyeyuki vizuri kwenye petroli.

Wenye bodaboda mnaoniuliza kama inawafaa: injini ya fostroki inazungusha oili ileile wiki nzima kwenye moto, na hii ya 2T, yaani ya tustroki, si ya kazi hiyo. Pikipiki yangu bado inatumia ya kawaida.