Le Père Goriot: Baba Aliyejimaliza kwa Ajili ya Binti Zake

Riwaya hii ya Honoré de Balzac, iliyotoka kama kitabu mwaka 1835, inamtaka msomaji awe na subira tangu mwanzo, kwani hadithi haishiki kasi mpaka mwandishi awe ameieleza kwa kina nyumba ya wapangaji ya Madame Vauquer, jijini Paris, pamoja na harufu yake. Kurasa hizo zisirukwe. Katika nyumba hiyo kila orofa ina bei yake, na kadiri mzee Goriot anavyopanda ngazi ndivyo anavyozidi kufukarika: alipohamia alilipa faranga 1,200 kwa mwaka, lakini kufikia mwaka 1819 yumo orofa ya tatu, katika chumba cha faranga 45 kwa mwezi. Wapangaji wenzake wanadhani anafuja mali kwa wanawake, kumbe inaishia kwa binti zake wawili, Anastasie na Delphine, ambao alikwisha kuwapa sehemu kubwa ya utajiri wa biashara yake ya tambi ili waolewe na wakubwa.

Usiku mmoja Rastignac, mwanafunzi wa sheria aliyetoka mkoani, anamchungulia mzee huyo akivikaza kwa kamba vyombo vya fedha vilivyopakwa dhahabu, zawadi ya marehemu mkewe, na kuviponda huku akilia, apate kuviuza na kulipa deni la Anastasie. Hapo ndipo nilipousadiki ustadi wa Balzac, kwa sababu anatutia huruma bila kumfanya Goriot mtakatifu. Upendo wake umekwisha kuwa maradhi, na ndio uliowalea mabinti wasiojua kumpa mzazi chochote.

Rastignac naye, kwa tamaa ya kuingia katika jamii ya matajiri, anamwandikia mama yake barua ya kuomba faranga 1,200, na mama anauza vito vyake. Kwa maoni yangu hiki ndicho kiini cha kitabu: kijana anayewalaumu mabinti wa Goriot anamfanyia mama yake yale yale, na anajua.

Hotuba za Vautrin, mfungwa mtoro anayemshawishi kijana atajirike kwa damu ya mtu, ni ndefu kupita kiasi. Mazishi, kinyume chake, yameandikwa kwa ufupi unaouma: mabinti hawafiki, yanafika magari mawili matupu ya farasi yenye nembo za waume zao, na Rastignac analazimika kumkopa mtumishi sarafu ya kuwapa wachimba kaburi. Jioni hiyo hiyo anakwenda kula chakula kwa Delphine. Wanaouona mwisho huo kuwa ni ujasiri wa kijana aliyeamua kupambana na jiji, nadhani wameisahau barua ya mama.