Somo la Kiindonesia shuleni Perth: maoni ya mzazi Mswahili

Wazazi wenzangu mlioko Perth, Australia, wengi mnaniuliza kama mtoto aendelee na Kiindonesia shuleni au mumhamishie Kijapani au Kifaransa, basi nasema wazi kama mzazi ambaye binti yake kakisoma toka msingi na sasa yuko sekondari: mwacheni asome. Mwalimu nampa nyota tano. Shule yenyewe, kwa jinsi inavyolipanga hili somo, naipa mbili, na hapo nina malalamiko ya kweli kabisa.

Nianze na mazuri. Indonesia ni jirani hapa, ndege ya kwenda Bali, kisiwa chao, ni kama masaa matatu na nusu, karibu na muda wa kuruka mpaka Sydney, na saa ya Bali ndio saa hiihii ya Perth. Halafu lugha yenyewe inaandikwa kwa herufi zetu hizihizi na inasomeka ilivyoandikwa, haina mambo ya kupandisha na kushusha sauti kama Kichina, kitenzi hakibadiliki kwa nyakati, kwahiyo mtoto ndani ya wiki chache anasoma sentensi nzima kwa sauti wakati mwenzie anayesoma Kijapani bado anahangaika na herufi za hiragana na akimaliza hapo anasubiriwa na maandishi mengine ya katakana na kanji. Kwa mtoto mwoga wa lugha hili ni jambo kubwa sana, anajiona anaweza.

Sasa huyo mwalimu. Ni mama wa Kijava, wanafunzi wanamwita Bu, yaani mama, hakuna kuita jina kavukavu kama wanavyofanya kwa walimu wengine huku, na mimi kama mzazi wa Kitanzania hilo peke yake lilinifurahisha, maana mtoto anajifunza adabu ya kumwita mtu mzima pamoja na lugha. Nilikaribishwa nikakaa nyuma ya darasa siku ya wazazi. Aliandika ubaoni neno moja tu, tulis, yaani andika, akagawa vikadi vyenye viambishi, watoto wakawa wanakuja mmojammoja kubandika: menulis, anaandika, ditulis, inaandikwa, penulis, mwandishi, tulisan, maandishi. Mtoto mmoja akabandika me na tulis vilevile ilivyo, madamu hakumwambia umekosea, akamwambia itamke haraka haraka mara kadhaa, darasa zima wakaitamka mpaka wakasikia wenyewe ile t inavyomezwa. Baadae akaleta sapu, fagia, wakagundua wenyewe inakuwa menyapu. Binti yangu alikuwa anajibu kabla wenzie hawajainua mikono, na si kwamba ana akili kuliko wao, ila mtoto aliyekulia nyumba ya Kiswahili kashazoea kutoa andika, andikwa, mwandishi na maandishi kwenye mzizi mmoja, wenzie wa Kiingereza tupu wanaona maajabu. Kwahiyo mkisikia mtu anasema mtoto atachanganyikiwa na lugha mbili nyumbani na ya tatu shuleni, msimsikilize.

Haya, malalamiko. Kipindi kimoja kwa wiki shule ya msingi! Unategemea nini hapo? Likizo ikipita kila kitu kimeyeyuka, mwalimu anaanza tena rangi, matunda, namba, mwaka unaofuata rangi, matunda, namba. Batiki wamechora, angklung, ala yao ya mianzi, wamepiga, nasi goreng, wali wa kukaanga, wamekula, yote mazuri na watoto wanayapenda, ila mtoto anamaliza msingi hawezi kuuliza njia ya kwenda sokoni. Na kilichoniuma zaidi ni darasa la saba, huku ndio mwanzo wa sekondari, wanachukua watoto wote waliosoma na wasiosoma kabisa wanawaweka chumba kimoja na kuanza na selamat pagi, habari za asubuhi, upya. Binti alichoka, akawa hataki hata kufungua daftari. Nililalamika nikaambiwa hawana walimu wa kutosha.

Na kweli walimu ni wachache, hilo nimelielewa baadae. Kati ya 1994 na 2002 serikali ya Australia ilimwaga hela kwenye lugha nne za Asia, Kiindonesia kikiwemo, shule nyingi zikafungua somo. Hela ikakatwa 2002, mwaka huohuo mwezi wa kumi ikatokea milipuko ya Bali iliyoua watu 202, wakiwemo Waaustralia 88, maonyo ya kusafiri yakatoka na ziara za wanafunzi zikafutwa. Wanafunzi wakipungua leo, kesho utampata wapi mwalimu?

Jambo lingine, vitabu vyao ni lugha sanifu mno. Waliunganishwa kwa video na wanafunzi wa Yogyakarta, mji wa Indonesia, wako nyuma yetu saa moja tu kwahiyo inafanyika muda wa shule bila shida, watoto wa kule wakaanza nggak na udah zao za mtaani, wa kwetu wanajua tidak (hapana) na sudah (tayari) za vitabuni tu, kimya kikatawala. Ni kama umfundishe mgeni Kiswahili cha taarifa ya habari halafu umshushe Kariakoo. Madamu aliliona akaanza kuwapa dakika kidogo za maongezi ya mtaani kila kipindi, na tangu hapo binti anachati na rafiki yake wa kule mwenyewe bila kusukumwa.

Kwahiyo kabla hujaandikisha, uliza shule ya sekondari mtoto anayokwenda kama ina Kiindonesia mpaka mwaka wa 12, nyingi zinaishia katikati, na uliza kama waliotoka nalo msingi wana darasa lao. Wakisita kujibu, tafuteni madarasa ya jioni au Jumamosi ya jamii ya Waindonesia, wapo wengi tu hapa Perth, na wanapokea watoto wa watu wote.